NZE 121 haivuti mlimani, sensa ya hewa imebadilishwa mara mbili. Shida iko wapi?

#1 Msafiri_wa_Ruai
Hamjambo wanabodi. Nina Toyota Corolla NZE 121 ya mwaka 2003, injini ya 1NZ, niko nayo mwaka wa tisa sasa. Tangu mwezi wa pili imekuwa ikinitesa. Asubuhi inawaka vizuri, lakini ikinguruma tu palepale inatetemeka na mshale unapanda na kushuka. Barabara tambarare inaenda. Shida ni mlima. Kutoka Mai Mahiu kuja Limuru nilipitwa na lori la viazi huku nimekanyaga mafuta mpaka chini. Petroli nayo inakunywa: zamani lita moja ilinipa kilomita 14, sasa 9.

Fundi wa kwanza alisema ni plagi, tukabadilisha zote nne. Wa pili akaskani, akapata namba ya kosa P0171, akasema sensa ya hewa (ile inayopima hewa inayoingia kwa injini) imekufa. Nikaenda Kirinyaga Road nikanunua mpya ndani ya boksi, 3,200. Ikawa mbaya zaidi. Nikarudi nikachukua ya eks-Japani, iliyotumika, kwa 2,500. Afadhali kidogo, lakini mlima bado, na taa ya injini ikarudi baada ya siku tatu. Fundi wa tatu anasema hata hii imekufa, nitafute nyingine.

Sensa inaweza kufa hivyo mara tatu, ama kuna kitu hakiangaliwi? Mwezi ujao nina safari ya Nyahururu na watoto.

#2 Kiboko_ya_Lami
Feki zimejaa mjini. Nunua ya kampuni yenyewe, maneno yaishe.

#3 Fundi_Lait
Pole ndugu. Mimi ni fundi Kariobangi, mwaka wa kumi na saba kwa injini za petroli, na pesa ya mtu ikipotea hivi inaniuma. P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta imeona oksijeni nyingi kwa ekzosi, ikaongeza petroli mpaka ikafika mwisho wa ruhusa yake. Sensa yenyewe ikikatika, namba zinazokuja ni P0100, P0102 ama P0103. Kwa Toyota P0102 inakuja volti zikishuka chini ya 0.2, na P0103 zikipita 4.9. Hizo hukupata hata moja.

Fungua boneti, shika ule mpira mweusi wenye mikunjo unaotoka kwa kopo la chujio la hewa kwenda kwa throto, kile kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Usiuangalie kwa juu tu. Upinde, upapase upande wa chini. Miaka ishirini ya joto inaukausha, unapasuka ndani ya mikunjo. Hewa inayoingilia hapo haikupita kwa sensa, kwa hivyo haikuhesabiwa, na petroli yake haitoki.

#4 Chuma_cha_Kibaha
Salaam kutoka upande wa pili wa mpaka. Hilo la sailensa kupanda na kushuka lilinipata kwenye Spacio yangu, injini ni hiyohiyo. Kwangu ilikuwa throto, ina kaboni nyeusi tii. Tukasafisha, sailensa ikatulia.

#5 Kiboko_ya_Lami
@Chuma_cha_Kibaha sailensa ipande na kushuka? Huku kwetu sailensa iko chini ya gari karibu na bampa ya nyuma. Ikianza kupanda na kushuka ujue waya wa kuishikilia umekatika.

#6 Chuma_cha_Kibaha
😂 Huku sailensa ni injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Hilo dude lenu la nyuma tunaliita ekzosi. Nashukuru kwa somo.

#7 Mwalimu_wa_Jumamosi
Nikubaliane na #3 nusu, kisha nipinge nusu.

Ndani ya ile sensa kuna waya mwembamba wa platinamu unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na saketi inaongeza umeme ili waya usishuke joto. Umeme unaoongezwa ndio kipimo. Sasa chukua vumbi la Ruai na Kamulu, lipake mvuke wa oili, liache likauke juu ya huo waya miaka kadhaa. Ni kama umeuvika blanketi. Hewa inapita, waya haupoi inavyopaswa, sensa inasema hewa ni kidogo, petroli inatoka kidogo. Kwenye mlima, injini inapotaka hewa nyingi, ndipo kosa linakuwa kubwa. Hiyo ndiyo hadithi ya mwenye uzi, neno kwa neno.

Ile ya kwanza, iliyokuja na gari, uliitupa? Kama unayo, isafishe kabla ya kununua nyingine.

#8 Mama_Probox
Akisafisha asitumie dawa ya kabureta, tafadhali. Fundi mmoja aliipuliza kwa Probox yangu, kisha akachukua pamba ya masikio akasugua. Ule waya ni mwembamba kama unywele. Ulikatika palepale, na nililipa mimi. Tumia dawa maalum ya sensa za hewa, ama ile ya kusafishia vifaa vya umeme isiyoacha mafuta, ama spiriti ya isopropili iliyo safi. Ondoa skrubu mbili, puliza mara kumi hivi bila kugusa chochote, iache ikauke yenyewe dakika ishirini. Usiipige na hewa ya kompresa.

Jambo lingine: unaosha injini? Mimi siruhusu tena. Vijana wa kuosha gari wanapiga maji ya presha mpaka ndani ya soketi za waya, na wiki moja baadaye pini zimeota kijani.

#9 Msafiri_wa_Ruai
Mama, asante. Injini huoshwa kila mwezi 😬 Ya kwanza ninayo, iko kwa droo.

#10 Mzee_wa_Mlango
Vijana, mnanikumbusha BMW yangu ya E30, 318i ya mwaka 1986. Haikuwa na waya wa moto. Ilikuwa ya ile familia ya Bosch inayoitwa L-Jetronic, iliyoingia kwenye magari miaka ya 70. Ndani ya kopo kuna mlango wa chuma wenye springi. Hewa inausukuma, mlango unazungusha kidole kinachotembea juu ya njia nyeusi ya kaboni, na kompyuta inasoma volti. Kwa magari mengi ya aina hiyo mlango uleule ndio unaoiruhusu pampu ya petroli kupata umeme. Ukigoma kufunguka, gari haliwaki, na fundi anafungua tangi bure.

Yangu ilianza kushtuka kila nikifika kasi ya themanini. Nilikata silikoni kwa wembe, nikainua kifuniko cheusi, nikaona kidole kimechimba mfereji kwenye kaboni, mahali pale pale ambapo gari hutembea kila siku. Nikakipinda kwa koleo nyembamba, kama unene wa kadi, kikapita juu ya kaboni ambayo haijaliwa. Nikafunga. Gari likaenda miaka mingine sita, South B mpaka kazini na kurudi. Hakuna duka lililopata shilingi yangu.

Volvo za LH-Jetronic zilizokuja miaka ya 80 na waya wa moto zilikuwa na ujanja wake: ukizima injini, sekunde chache baadaye waya unawashwa kupita nyuzi 1,000, sekunde moja tu, kuchoma uchafu. NZE haina hiyo, kwa hivyo mkono wako ndio usafishe.

#11 Wa_Kikuyu_Road
Mnasahau kitu kimoja. Nairobi tuko juu, kama mita 1,700, hewa ni nyepesi. Hizi sensa zimetengenezewa usawa wa bahari. Si ndiyo sababu zinasoma chini hapa? Gari yangu ikifika Mombasa inavuta utadhani ni nyingine.

#12 Mwalimu_wa_Jumamosi
@Wa_Kikuyu_Road Mombasa inavuta zaidi, ni kweli. Presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 83, kule 101. Injini inameza ujazo uleule lakini gramu ni pungufu, karibu moja ya tano. Ila hapo sensa haijakosea. Waya wa moto unapima uzito wa hewa, kwa hivyo mwinuko umeshahesabiwa ndani ya kipimo. Mlango wa Mzee wa #10 ndio uliohitaji msaada, kwa sababu unapima zaidi ujazo, na hewa nyepesi inaudanganya.

Tena injini ikinguruma tu palepale, gramu hazibadiliki sana, Nairobi ama Mombasa. Inahitaji nguvu ileile ya kujizungusha, basi throto inafunguka kidogo zaidi. Tofauti inaonekana ukikanyaga mpaka chini.

#13 Starlet_Nyeupe
Mimi nina Starlet EP82. Mwezi jana nimelipa 1,500 kusafishwa sensa ya hewa. Haijabadilika kitu.

#14 Fundi_Lait
@Starlet_Nyeupe injini yako ya 4E haina sensa hiyo. Ina MAP, inayosoma presha ndani ya manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa) kupitia kampira kembamba. Rudi umuulize alisafisha nini.

#15 Starlet_Nyeupe
Narudi kesho.

#16 Wingroad_Y11
Kwa Nissan usiombe. Yangu sensa ilikata njiani, gari ikagoma kupita mizunguko 2,400. Kumbe ndivyo kompyuta ilivyopangwa: ikikosa sensa ya hewa inakata petroli hapo usiharibu injini. Niliendesha hivyo kutoka Kitengela mpaka Ngara nikiwa upande wa kushoto kabisa, taa za hatari zimewashwa. Baada ya kubadilisha, injini ikawa inapiga kelele juu hata nikiwa nimesimama, mpaka mtu aliyejua akaifundisha upya hewa ya kusimama kwa mashine. Wenye Nissan mkumbuke hilo.

@Msafiri, hebu chomoa soketi ya sensa uone. Ikienda vizuri zaidi ikiwa imechomolewa, basi sensa ndiyo mbaya.

#17 Fundi_Lait
Ushauri wa kuchomoa unasaidia kiasi. Ukichomoa, kompyuta inakisia kwa mizunguko na nafasi ya throto. Gari yenye mpira uliopasuka pia inaweza kuonekana afadhali ikichomolewa, kwa sababu makisio hayaangalii hewa iliyoingilia wapi. Watu wametupa sensa nzima kwa kipimo hicho.

#18 Msafiri_wa_Ruai
Nimerudi na namba. Jirani ana mashine inayosoma Toyota za soko la Japani (kile kifaa kidogo cha bluetooth cha 1,500 kilikataa kabisa kuongea na gari).

Na ya eks-Japani: injini imezimwa, ufunguo umewashwa, karibu sifuri. Inanguruma palepale ikiwa na moto, gramu 1.7 za hewa kwa sekunde, na ile trimu ya petroli ya muda mrefu ni +22. Nikishikilia mizunguko 2,500 gari imesimama, trimu inashuka mpaka +9. Kupanda Limuru, gia ya pili, mafuta mpaka chini, mizunguko 5,000: gramu 36.

Na ile mpya ya boksi: injini imezimwa inasoma gramu 3.4!

#19 Kiboko_ya_Lami
Gramu 3.4 injini imezimwa? Hiyo inapima upepo wa Ruai. Nilisema feki #2.

#20 Fundi_Lait
Hapo @Kiboko umesema kweli. Injini imelala, hakuna hewa inayopita, inafaa isome karibu na sifuri. Irudishe dukani na hiyo namba.

Sasa tazama trimu. Hiyo asilimia ndiyo petroli ambayo kompyuta inaongeza juu ya hesabu yake. Injini ikinguruma tu, +22. Ukipandisha mizunguko, +9. Hewa ya wizi hufanya hivyo: tundu ni lilelile, injini ikivuta kidogo tundu linakuwa sehemu kubwa ya hewa yote, ikivuta nyingi tundu linamezwa. Sensa chafu huelekea upande mwingine, trimu inapanda kadiri kazi inavyoongezeka. Nimesimama pale pale kwa #3: mpira, na mipira midogo ya mvuke wa oili, na gasketi ya manifoldi.

#21 Mwalimu_wa_Jumamosi
Gramu 36 zinanisumbua. Tuhesabu. Injini lita 1.5, inajaa mara moja kila mizunguko miwili. Mizunguko 5,000 ni lita 3,750 kwa dakika, yaani 62 na nusu kwa sekunde. Lita moja ya hewa ya Nairobi ina uzito wa karibu gramu 1. Silinda hazijai kabisa, tuseme asilimia 85. Tunapata kama gramu 53. Limuru ni juu zaidi, toa kidogo. Hata hivyo 36 ni mbali mno. Tundu la mpira haliwezi kueleza upungufu huo wote throto ikiwa wazi. Ama sensa inasoma chini, ama injini kweli haipumui.

#22 Bomba_la_Nyuma
Haipumui! Mimi NZE yangu ilikuwa hivyo hivyo, mafundi wakauza sensa, wakauza koili. Mwisho ilikuwa katalitiki, kile kisafisha moshi cha ekzosi, imeziba. Ile sega ya ndani iliyeyuka baada ya kuendesha miezi na koili moja mbovu. Moshi hautoki, hewa mpya itaingilia wapi? Sensa inasoma chini kwa sababu hewa ni kidogo kweli. Haidanganyi.

#23 Kiboko_ya_Lami
Basi atoboe katalitiki.

#24 Mama_Probox
Asitoboe chochote kabla ya kupima. Na tukitoboa wote, watoto wetu wanapumua nini hapo Outering?

#25 Pampu_na_Chujio
Hakuna aliyetaja pampu ya petroli. Gari ya 2003, pampu haijaguswa, chujio liko ndani ya tangi. Mlimani petroli haitoshi, injini inakauka, P0171. Tuseme pia mafuta yaliyochanganywa na taa. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 hasa kwa sababu ya uchanganyaji huo. Ni tatizo la kweli nchi hii.

#26 Mwalimu_wa_Jumamosi
@Pampu_na_Chujio pampu dhaifu ingeleta trimu juu ikiwa mlimani, nakubali. Lakini haipunguzi hewa kufika gramu 36. Injini ikikosa petroli bado inavuta hewa. @Msafiri, panda tena kwa nusu kanyagio, mizunguko 3,000, utuletee trimu. Ikiwa juu, sensa inadanganya ama pampu imechoka. Ikiwa karibu na sifuri, mgeukie Bomba_la_Nyuma. Usisome ukiwa umekanyaga mpaka chini, pale kompyuta haisikilizi sensa ya oksijeni.

#27 Chuma_cha_Kibaha
Swali dogo: kopo la chujio ni lake la asili? Sensa ya kuchomeka inapima hewa inayopita kwenye kijitundu chake tu, halafu hesabu nzima inategemea upana wa bomba lililoizunguka. Ukiweka kopo la injini kubwa, bomba ni pana, hewa inapita polepole, sensa inasoma chini hata ikiwa mpya.

#28 Msafiri_wa_Ruai
Mmh. Nilipata ajali ndogo 2021, upande wa mbele ulitengenezwa na kopo likabadilishwa. Sikuuliza lilitoka gari gani.

#29 Mama_Probox
Lakini shida imeanza mwezi wa pili mwaka huu. Miaka hiyo yote kopo lilikuwa kimya?

#30 Chuma_cha_Kibaha
Huenda kompyuta ilikuwa inafidia kimyakimya, mpira ulipopasuka ikashindwa kubeba yote mawili. Apime upana wa ndani kwa rula, alinganishe na NZE ya mwenzake. Aangalie pia namba ya sensa: ya asili na ya eks-Japani ziwe sawa mpaka tarakimu ya mwisho, si zile za kuanzia 22204 tu.

#31 Mzee_wa_Mlango
Apime na umeme pia. Soketi ina pini tano. Ufunguo ukiwashwa, pini ya +B iwe na volti za betri, na ya E2G iwe ardhi safi. Ardhi ikiwa na kutu, sensa nzuri inageuka mbovu. Mbili nyingine, THA na E2, ni za kipimajoto kilichomo humo humo, zikiwa kwenye nyuzi 20 zisome kama kiloomu 2.2 mpaka 2.7. Kwa kuoshwa injini kila mwezi ningeanzia hapo.

#32 Msafiri_wa_Ruai
Habari za leo. Mpira umepasuka! Mkunjo wa tatu, upande wa chini, ufa wa urefu wa kidole. @Fundi_Lait heshima yako. Nimepata mwingine Gikomba, 800. Pini mbili zilikuwa kijani, nimezisafisha. Nimesafisha na sensa ya kwanza, ya kwenye droo, kwa dawa aliyosema Mama, nikairudisha. Nimetoa fyuzi ya EFI dakika kadhaa kompyuta isahau.

Matokeo baada ya siku mbili: ikisimama imetulia kabisa, trimu +5. Mizunguko 2,500, +4. Mlima nusu kanyagio, +3. Mafuta mpaka chini, 5,000: gramu 38.

Bado haivuti. Lori halikunipita leo, lakini sikulipita pia.

#33 Bomba_la_Nyuma
Trimu +3 na gramu 38. Sensa inasema kweli. Katalitiki.

#34 Chuma_cha_Kibaha
Ama kopo. Trimu inajifunza, bado ni siku mbili tu.

#35 Pampu_na_Chujio
Na presha ya petroli bado haijapimwa na mtu yeyote humu.

#36 Mwalimu_wa_Jumamosi
Kopo lingeonekana kwenye trimu ya nusu kanyagio, @Chuma. Naelekea kwa ekzosi. Lakini umebadilisha vitu vitatu siku moja, ndugu Msafiri, sasa hatujui kipi kilitibu nini. Rudisha ile ya eks-Japani siku moja, usome gramu tena mahali palepale.

#37 Msafiri_wa_Ruai
Nitafanya hivyo kesho. Fundi, una geji ya kupima presha ya ekzosi?

#38 Fundi_Lait
Ninayo. Tunafungua sensa ya oksijeni ya mbele, tunaweka geji kwenye tundu lake. Mizunguko 2,500 ikipita pauni 3, kuna kizuizi. Tutapima na petroli siku hiyo hiyo ili @Pampu_na_Chujio alale. Njoo Jumamosi na sensa zote tatu na rula. Usiizime gari ukifika, iache na moto, ile sensa ya oksijeni ikiwa baridi haifunguki.